Siku Niliyomlilia Mama Akiwa Hai

Mama yangu hakuwa na saa. Alikuwa na nyimbo za kanisa, na kwa nyimbo hizo alinipima mbio kwa miaka minne. Asubuhi kabla ya shule alisimama kwenye njia ya ng'ombe nyuma ya boma letu, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka soko la Ikutha, akakaza leso yake kiunoni, akasema, "Haya, nenda." Nilitakiwa nikimbie mpaka kwenye jiwe jeupe lililokuwa karibu na korongo, nirudi kabla hajamaliza ubeti wa nne. Mtu mwingine angenihurumia akauvuta mstari kidogo. Mama hakuwa hivyo. Ubeti ukiisha umeisha. Nikichelewa alinitazama nikihema, akasema, "Yesu amefika kabla yako," halafu akaingia jikoni kukoroga uji.

Tulikuwa wawili tu pale nyumbani. Baba alifanya kazi bandarini Mombasa na tulimwona Krismasi, tena si kila Krismasi. Kaka zangu walishamfuata. Mimi ndiye niliyekuwa kitinda mimba, na mama hakuwa mtu wa maneno. Kama hakuna habari ya mbuzi au ya maji, tungekaa kutwa nzima bila kuambiana kitu. Si kwamba tulikuwa tumekosana, la. Ndivyo alivyokuwa. Nilizoea kusikia sauti ya jembe lake kuliko sauti yake.

Lakini siku ya michezo! Wacha nikuambie. Yule mwanamke mnyamavu alikuja shuleni na gauni lake la kanisani, akasimama kwenye mstari na wanaume, na bunduki ya mwalimu ya kuanzisha mbio ikilia tu, alipiga vigelegele hadi watu wakageuka kumtazama yeye wakaacha kutazama mbio. Alikimbia kando ya uwanja akiniita. Nikimaliza wa kwanza, na mara nyingi nilimaliza wa kwanza, alinifuta vumbi usoni kwa mate yake mbele ya watu wote. Niseme ukweli, mimi sikupenda kukimbia. Nilipenda vile mama alivyokuwa nikikimbia.

Nilipofika darasa la sita, katikati ya miaka ya sabini, tuliletewa mwalimu mpya wa Kiswahili kutoka Pwani. Alikuwa mwembamba, analalamikia maji yetu ya chumvi kila siku, na Kiswahili chetu kilimtesa zaidi ya maji. Mtoto akisema "kitabu yangu," alishika kichwa. Huyo ndiye aliyeamua kwamba shule yetu itaingia mashindano ya maigizo ya wilaya. Hakuna aliyejua anasema nini. Alituandikia mchezo kwa mkono wake, kuhusu msichana anayefiwa na mama, akatuita mmoja mmoja mbele ya darasa tusome.

Zamu yangu ilipofika nilisoma. Sijui nilifanya nini. Najua tu kwamba wale vijana wa nyuma, waliokuwa wakirushiana mbegu za mbuyu, waliacha. Darasa likatulia. Mwalimu alivua miwani akaniambia, "Rudia." Nikarudia, wakatulia tena. Sasa uwanjani watu walipiga kelele kwa ajili ya miguu yangu, hata jina langu wengine hawakulijua, waliniita Miguu. Lakini siku ile walininyamazia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivyo, hata mama yangu mzazi. Nilirudi kwenye dawati. Nilitaka wanisikilize tena kesho yake, na kesho kutwa.

Shida ni kwamba mazoezi yote mawili yalikuwa jioni, saa ile ile. Mwalimu wa michezo alikuwa akinitayarisha kwenda kukimbia Kitui mjini, na hakuwa tayari kunigawana na mtu. Walimu hao wawili wakabishana mpaka wakaacha kunywa chai pamoja. Mwishowe mwalimu mkuu akaniita ofisini. Mwalimu wa michezo alikuwa amesimama dirishani, filimbi shingoni. "Mshika mbili moja humponyoka," mwalimu mkuu akasema. "Chagua hapa hapa, sina siku nzima."

Nikasema, "Nitaigiza."

Mwalimu wa michezo alicheka kwa pua. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, "na wewe guu ndilo ulilonalo." Akatoka nje. Haki ya Mungu, hakuniita tena kwa jina lolote hadi nilipomaliza shule.

Mama nilimkuta uani akipepeta mbaazi. Nilimwambia kwamba sitaenda kukimbia Kitui. Hakuacha kupepeta. Akaniuliza kuigiza ni kitu gani.

"Ni kujifanya mtu mwingine, watu wakutazame," nikasema.

"Na wewe una kasoro gani?"

Nimefikiria swali hilo miaka mingi na bado sina jibu la maana. Mama alingoja kidogo, akaona siji na kitu, akapuliza maganda, akaendelea na kazi yake.

Kesho yake niliamka mwenyewe. Jua lilikuwa limeshatoka. Hakuniamsha, na nilipotazama nyuma ya boma hakukuwa na mtu kwenye njia ya ng'ombe. Alikuwa ameshakwenda mtoni kuchimba maji mchangani. Siku ya pili vivyo hivyo. Hakunigombeza, hakunichapa, hakuninyima chakula. Afadhali angenichapa. Uji niliukuta umefunikwa kwa sahani na mama hayupo. Nilikuwa nimezoea kwamba haongei, lakini kunyamaza kwake kwa siku hizo kulikuwa kwa aina nyingine, na mimi ndiye niliyekuleta. Kuna asubuhi nilikwenda nikasimama kwenye njia ile peke yangu kama mjinga, nikakimbia mpaka kwenye jiwe na kurudi. Hakuna aliyeimba. Sikujua kama nimechelewa au nimewahi.

Kwenye mazoezi nilikuwa na tatizo moja: sikuweza kulia. Msichana wa mchezo alitakiwa kupiga ukemi mama yake akikata roho, na mimi nilitoa sauti ya mbuzi aliyefungwa vibaya. Kwetu watu wa kanisa hawakupiga ukemi msibani. Waliimba, wakajifuta macho kwa leso, basi. Mwalimu alichoka na mimi. Akasema, "Hebu sahau Kiswahili changu. Lia kwa lugha ya nyumbani kwenu."

Nilifumba macho nikaiona ile sahani iliyofunika uji. Nikaita, "Mwaitu! Mwaitu wakwa!" Yaani mama, mama yangu. Na hapo kilio kikaja chenyewe, kikanitoka kifuani hadi nikaogopa. Wenzangu walirudi nyuma. Yule aliyekuwa amelala chini ya blanketi akiwa maiti alifunua uso kunitazama. Mwalimu akasema polepole, "Hivyo hivyo. Usibadilishe kitu."

Ili tuzoee watu kabla ya mashindano, alitupeleka soko la Ikutha siku ya mnada. Tulicheza kwenye uwanja mdogo nyuma ya kinu cha kusaga, ukuta wetu ukiwa magunia yaliyoshonwa pamoja. Waliokaa mbele waliona kila kitu: magunia, blanketi, vidole vya maiti vinavyochezacheza. Lakini soko ni kubwa. Wanawake waliokuwa wakiuza ndizi na kamba za katani upande wa pili wa maduka hawakuona chochote. Walisikia tu sauti ya mtoto ikimlilia mama yake, na sauti hiyo waliijua, kwa sababu wengi wao walikuwa wa kanisa letu na walinisikia nikiimba kila Jumapili.

"Si yule msichana wa mbio huyo?"

"Ndiye. Mama yake! Jamani, mama yake!"

Mtu wa mahali pengine angesema, hebu kwanza nikaulize. Kwetu msiba hauulizwi. Ukiusikia unakwenda, maswali utayauliza ukishafika. Na huendi mikono mitupu. Nchi ile ni kavu, kwa hiyo mwanamke anakwenda msibani na maji mgongoni, mtungi umening'inia kwa ukanda wa paji la uso, na juu yake kuni kidogo. Basi wale akina mama walikabidhi bidhaa zao kwa majirani, wakateka maji, wakafunga kuni, wakashika njia ya kwetu. Sisi bado tulikuwa tukipigiwa makofi nyuma ya kinu.

Yaliyotokea huko nyumbani nilisimuliwa baadaye na jirani yetu, ambaye hakuwahi kuyamaliza bila kushika mbavu. Walimkuta mama akikandika ghala kwa udongo, mikono myeusi hadi viwiko. Wa kwanza kumwona alipiga yowe, ukanda ukamteleza, mtungi ukaanguka ukapasuka. Mama alikasirika kwanza kwa sababu ya maji. Halafu akaona wengine wanakuja nyuma na kuni, akaelewa kwamba kuna msiba, akaanza kunawa ili afuatane nao.

"Ni nani amekufa?" akauliza.

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kulitaja jina. Mwishowe mmoja akasema, "Ni wewe."

Mimi nilifika jioni jua likiwa bado juu, nimejaa sifa za mwalimu kichwani, nikakuta wanawake kumi na watatu wamekaa uani wanakunywa chai na mitungi imepangwa ukutani. Waliponiona wakaweka vikombe chini. Ajuza mmoja aliinuka, akanizunguka kana kwamba ni mbuzi wa kununua, akasema, "Mtoto humlilia mama yake mara moja. Wewe umeshamaliza." Akachukua fimbo yake akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Maji na kuni wakaviacha, maana kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani kwa mtu.

Nilingoja mama anishike anichape. Alikaa kwenye kigoda akiitazama ile mitungi. Kisha akasema, "Maji ni maji," akamimina kwenye sufuria akabandika muthokoi, ule mchanganyiko wetu wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Tulikula chakula kilichopikwa kwa maji ya msiba wake, yeye akitafuna kama kawaida.

"Wamekuja kumi na watatu," akasema. "Dada yangu anauza mboga pale sokoni kila wiki. Hakuja."

Nilikoroga chakula kwa kijiko.

"Labda hakusikia," nikasema.

"Alisikia." Akaweka kijiko chini. "Na wewe, ulikuwa ukilia nini? Wanasema hicho hakikuwa kilio cha mchezo."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema, ninalia kwa sababu huniamshi. Ninalia kwa sababu huniimbii tena, na nakuta uji umefunikwa na wewe hupo. Alikuwa ameuliza mwenyewe, yeye asiyeuliza. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Mwalimu ndiye aliyesema nilie," nikajibu.

"Ahaa," akasema mama. Akakusanya vyombo.

Jumapili mchungaji alituombea sote wawili na kusema kwamba maigizo ni mtoto wa uongo. Mama aliitikia amina. Lakini hakunikataza kuigiza. Kama angenikataza tungegombana, na pengine ingekuwa afadhali. Tulishinda mashindano ya wilaya, nikapewa kikombe kidogo cha bati, nikakileta nyumbani. Akakitazama, akauliza kama kinaweza kuchotea uji.

Tangu hapo nilimwalika kila mara. Nilipokuwa sekondari nilimwandikia barua, baba au kaka akiwepo amsomee. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilimtumia nauli. "Mungu akipenda," alijibu, na Mungu hakupenda hata mara moja. Mwanamke aliyetembea kutoka kwetu hadi shule ya mbali kunitazama nikikimbia mita mia nne hakuweza kupanda gari kunitazama nikisimama jukwaani. Wenzangu mama zao walikuja. Walikaa mbele wakaona haya, wakacheka mahali pasipofaa, baadaye wakawabeba watoto wao kwa sifa hadi barabarani. Mimi nilijipangusa rangi usoni peke yangu, nikarudisha nguo za kuazima, nikalala. Nilijiambia sijali. Nilijali sana.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu upande wa Makueni, Kasikeu, ninakaribia miaka thelathini, sijaolewa, jambo ambalo lilikuwa likizungumzwa kuliko hali ya hewa. Walimu wachache tulikuwa na kikundi cha maigizo. Mama alikuja kukaa nami wiki mbili kwa sababu ya goti lake, ili awe karibu na daktari. Wiki ya pili tulikuwa na mchezo ukumbini, Jumamosi mchana. Nilimwambia kwa mazoea tu, bila kutazama. Akasema, "Nitakuja." Nikadhani sikusikia vizuri.

Alikaa benchi la mbele, gauni la kanisani, mkoba magotini. Nilimchungulia kupitia pazia letu la leso mbili. Nilirudi kumchungulia tena, mimi niliyekuwa nimecheza mbele ya mamia ya watu bila wasiwasi. Nilicheza nafasi ya mke anayepigwa na mumewe. Huyo mume alikuwa mwalimu mwenzangu wa hesabu, mpole kama maziwa. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekunywa chai nyumbani kwangu na kumwamkua mama kwa mikono miwili.

Katikati ya mchezo akanisukuma nikaanguka, kama tulivyofanya mara nyingi kwenye mazoezi. Nikalala chini, nikalia. Ukumbi ulikuwa kimya, ule ukimya nilioupenda tangu utoto. Halafu nikasikia benchi likilia. Mama alikuwa amesimama. Aliweka mkoba pale alipokuwa amekaa, akaja. Jukwaa letu lilikuwa na ngazi tatu, na alizipanda moja moja kwa lile goti, akishika ukuta. Watu wakaanza kucheka. Yule mwalimu wa hesabu alisimama mkono juu, hajui aupeleke wapi.

Mama alipiga magoti karibu nami, na najua magoti yale yalimuuma. Akanishika mkono akasema kwa Kikamba, taratibu, "Inuka, mwanangu. Twende nyumbani."

Maneno yangu yaliyofuata yalikuwa kichwani, nayajua kama ninavyojua kupumua. Ningeweza kuyaacha. Ningeweza kusema mwaitu, niko salama. Watu wangecheka, mchezo ungeharibika, na kesho yake Kasikeu nzima ingesahau. Badala yake niligeuza uso upande wa pili, nikayatamka maneno yangu kwa sauti kubwa, nikiyapitisha juu ya kichwa chake. Ukumbi ukapiga makofi. Walidhani yeye naye ni wa mchezo, ajuza aliyewekwa pale makusudi. Nilihisi vidole vyake vikilegea mkononi mwangu. Akainuka, akapangusa gauni, akashuka zile ngazi tatu, akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mimi nilimaliza mchezo. Walisema sijawahi kucheza vizuri hivyo.

Nilimkuta nyumbani kwangu amekaa kitandani, nguo zake zimeshakunjwa. Nilisimama mlangoni na ile rangi nyekundu ya jeraha bado usoni. Nikamwambia, kwa ukali wa mtu mwenye hatia, "Mama, yale yalikuwa maigizo. Wewe unajua. Wewe kuliko watu wote."

"Nilijua," akasema. "Tangu mwanzo nilijua. Lakini ulikuwa chini, na mimi nilikuwa nimekaa tu."

Akanitazama, akangoja, kama alivyoningoja siku zote. Maneno ya kuandikiwa nilikuwa nayo mengi. Langu mwenyewe, hata moja halikuja.